Mteja Amekuona, Hajakuamini

Fungua ukurasa wa muuza viatu yeyote wa Dar es Salaam kule Instagram, shuka chini ya picha, usome maoni. Utakuta swali moja limejipanga kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni: "Bei?" "Bei gani hicho cheusi?" "Bei jamani?" "Mko wapi?" Na chini ya kila swali jibu lilelile: "Njoo inboksi, kipenzi." Watu hao wamekiona kiatu. Wamekipenda kiasi cha kutumia bando lao kuuliza. Halafu wengi wao wameondoka na hela yao mfukoni, wakaenda kununua kwa mtu wanayemfahamu.

Walimu wa biashara za mtandaoni, ambao siku hizi wamejaa kila kona, wana maelezo mamoja tu ya jambo hilo: hujaonekana vya kutosha. Ongeza wafuasi. Weka picha tatu kwa siku. Lipia tangazo. Tafuta staa akuposti. Wakimaliza wanafunga kwa msemo ambao kila mtu anaujua, biashara matangazo, na ukumbi mzima unaandika kwenye madaftari.

Mimi napinga. Kwa mfanyabiashara mdogo fundisho hilo ni kosa, na linamla mtaji huku anaangalia. Mteja wetu ameona matangazo hadi amechoka kuyaona. Kinachomzuia kutoa pesa ni hofu, na hofu haiponi kwa kuonyeshwa picha ileile mara ya nne.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Karibu kila nyumba ninayoingia ina simulizi yake: gauni la harusini lililokuja jepesi kama chandarua, viatu vya namba 42 vilivyoletwa namba 39 na muuzaji akasema vitapanuka, simu iliyolipiwa isionekane tena. Yangu ni begi la shule. Mwaka juzi nilimwagizia mwanangu begi kwenye ukurasa uliokuwa na wafuasi zaidi ya laki moja. Nililipa kwa simu shilingi 45,000, nikajibiwa "asante mpendwa". Siku ya tatu nikauliza mzigo uko wapi. Siku ya nne nilikuwa nimeshapigwa bloku. Mtoto alianza muhula na begi la zamani, baada ya fundi viatu kulishona mkanda. Najua ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na ina sehemu yake ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni. Lakini nani atafunga duka lake siku tatu akafuatilie kesi ya 45,000? Tunameza, na tukishameza tunakuwa wagumu kwa muuzaji anayefuata, hata akiwa mwaminifu kama mchana.

Wafuasi wale laki moja hawakunikinga na lolote. Ndio walioniponza, maana niliwachukulia kama mashahidi. Niliona watu wengi wamesimama mbele ya duka nikadhani wote wameshanunua.

Kariakoo yenyewe haikujengwa na matangazo. Imejengwa na mali kauli. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo anampa kijana mzigo wa mamilioni bila dhamana wala hati, kwa neno lake tu kwamba Jumamosi hela itarudi. Anampa kwa sababu anajua kijana anasimama wapi, alianzia kwa nani, na kwamba mwaka ule mzigo ulipoibiwa alilipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Sasa mchukue kijana huyohuyo, winga hodari, yaani dalali anayeuza mzigo wa wengine, mpeleke Instagram. Jina lake limepotea; ukurasa unaitwa Collection fulani. Mahali anaposimama pamepotea. Picha si zake, amezichukua kwenye mtandao wa Kichina au kwa winga mwenzake. Kila kilichomfanya aaminike mtaani amekivua mlangoni kama kandambili, halafu anashangaa watu wanamkodolea macho bila kununua. Na mwalimu anamwambia tatizo ni wafuasi.

Mtazame mteja anavyofanya kabla hajatuma hela. Anaangalia kama sehemu ya maoni imefungwa. Anatafuta mnunuzi aliyelalamika, aone alijibiwa nini. Anaomba video ya mzigo ukiwa mkononi. Anauliza kama anaweza kulipa bodaboda akishafika. Akiwa Songea au Sumbawanga anataka picha ya risiti ya basi. Na akifika hatua ya kulipa, analinganisha jina linalojitokeza kwenye simu na jina la ukurasa, kidole kikiwa juu ya namba ya siri. Nimewasikia wauzaji wakiuita huo usumbufu. Mimi nauita mtihani, na mauzo yote ya mtandaoni katika nchi hii yanaamuliwa hapo, dakika chache kabla ya malipo, mahali ambapo semina haifiki.

Sasa nirudi kwenye bei, maana hapo ndipo fundisho hili linapoumiza zaidi. Hoja za wanaofundisha kuificha nazijua zote.

Wanasema ukiweka bei hadharani mshindani ataishusha. Mshindani yupi? Yule mnayenunua naye ghorofa moja, mliochanga naye kontena moja kutoka Guangzhou? Huyo anaijua bei yako kabla hujaipanga. Asiyeijua ni mtu mmoja tu, naye ndiye anayetaka kununua. Wanasema pia kwamba maswali mengi ya "bei?" yanaupa ukurasa nguvu, kwa kuwa mfumo wa Instagram unapenda posti yenye maoni mengi. Haya, tuseme posti imesukumwa mbele. Inachofanya huko mbele ni kuwapelekea watu wengi zaidi picha isiyo na bei, nao wanauliza, nao wanaambiwa wazunguke mlango wa nyuma. Wanasema tena kwamba inboksi unapata nafasi ya kumshawishi mteja mkiwa wawili. Mteja anavyolisikia hilo ni tofauti kabisa. Anasikia: subiri kwanza nikuangalie sura. Anahisi utafungua ukurasa wake, utazame gari aliloegemea kwenye picha na ukumbi aliosherehekea, ndipo utaje bei. Na mara nyingi sana hisia yake ni sahihi, na wauzaji wenyewe wanalijua hilo.

Mwalimu wa kweli wa somo hili yuko barabarani. Machinga aliyemwaga nguo kwenye turubai ana spika ndogo yenye sauti iliyorekodiwa, na kitu cha kwanza inachotaja ni bei. Haitaji jina la biashara, haisifii ubora. Elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili, kutwa nzima. Anajua kwamba mpita njia akishaisikia bei anapiga hesabu ya mfukoni bado anatembea, na anayeinama ameinama kununua. Mapatano hayajafa, "mwisho ngapi?" ipo palepale, ila hata hiyo inahitaji pa kuanzia. Yule kijana hajasoma somo lolote la masoko, na ameelewa kwamba kumtajia mtu bei mbele ya watu ni kumheshimu: bei yako ndiyo ya huyu na ya yule.

Halafu hao wafuasi wenyewe. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilianika shughuli za kampuni ya Marekani iliyoitwa Devumi, iliyokuwa inauza wafuasi bandia kwa waigizaji, wanamichezo na wafanyabiashara. Mwaka uliofuata FTC, tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia ushindani na kuwalinda walaji, ilifikia makubaliano ya dola milioni 2.5 na kampuni hiyo na mwenye nayo. Devumi ilikwisha, soko lake halikwisha. Huku kwetu ukurasa wenye wafuasi wengi unauzwa kama kiwanja: unabadilishwa jina usiku, asubuhi unaamka unauza manukato, na mtu aliyejiunga kwa ajili ya vichekesho anajikuta anauziwa mafuta ya nywele. Mwanamke aliyetoa akiba ya kibubu kununua ukurasa kama huo amenunua umati wa watu ambao hawajui wamefikaje dukani kwake.

Wakubwa nao walishashtuka. Procter & Gamble, watengenezaji wa Pampers na Always, walieleza Machi 2018 kwamba mwaka uliotangulia walikata dola milioni 200 za matangazo ya kidijitali, baada ya kubaini kwamba sehemu kubwa ilikuwa inapotea. Walikuwa wamegundua kwamba mtu anayepitisha kidole kwenye simu analitazama tangazo kwa muda mfupi hata wa sekunde 1.7. Na baada ya kukata fedha hizo walisema waliwafikia watu wengi zaidi kuliko mwanzo. Hiyo ni kampuni yenye wachambuzi wake, mawakala wake na nguvu ya kudai hesabu kwa wenye mitandao. Muuza vijora wa Mbagala anayebonyeza kitufe cha kulipia posti kwa shilingi 20,000 atamdai hesabu nani? Mfumo unampa alichoomba. Akiomba watu wa kupenda posti, anatafutiwa watu wepesi wa kupenda posti, na wapo wanaopenda kila kinachopita ambao hawajawahi kununua hata pini mtandaoni. Asubuhi anaona mioyo 900, anafurahi, analipia tena.

Kuhusu mastaa, twende na hesabu. Tuseme unauza kiatu shilingi 35,000. Umekinunua 22,000. Mfuko, bando na ada za kutuma hela zinakula 3,000. Umebaki na 10,000. Staa anataka 500,000 kwa posti moja. Lazima uuze jozi 50 ili urudi pale ulipokuwa kabla hujamlipa, na uziuze ndani ya siku moja au mbili, kwa kuwa kesho kutwa posti yako itakuwa imezikwa chini ya tangazo la sabuni na la mchele. Una jozi 50 dukani? Kama wewe ni winga, huna hata moja. Unasubiri mteja alipe ndipo ukimbilie Kariakoo. Na wakija watu mia tatu kwa mpigo wakiuliza bei, nani atawajibu? Nimeona biashara zikifa kwa ugonjwa huo, kuitwa na watu wengi ambao mwenye biashara hakuwa na mikono ya kuwahudumia. Waliokosa majibu waliondoka na neno moja la kuwaambia wenzao: hawajibu wale.

Najua nitaambiwa kampuni za simu na za vinywaji zinawalipa wasanii kila mwaka, kwa hiyo lazima inalipa. Kwao inalipa, na sababu inaonekana kwa macho. Soda iliyotangazwa asubuhi ipo kwenye kila kibanda kutoka Mtwara hadi Bukoba, bei yake inajulikana na mtoto wa darasa la kwanza, na ikiwa imeharibika unairudisha kwa Mangi mwenye duka hapo nje akubadilishie. Uaminifu wote ulishajengwa na msururu wa magari, maghala na maduka. Msanii anakumbusha tu. Ukimchukua msanii huyohuyo ukamweka mbele ya duka lisilo na anwani, umekopa uaminifu wake kwa siku moja, na deni hilo linalipwa na mteja. Ndicho kilichotokea Bahamas Aprili 2017 kwenye tamasha la Fyre. Wanamitindo maarufu duniani waliposti mraba wa rangi ya chungwa, tiketi zikanunuliwa, na waliofika kisiwani walikuta mahema ya dharura na mikate yenye jibini. Mtayarishaji wake alifungwa kwa utapeli. Kuonekana, lile tamasha lilionekana vya kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani halisemwi kwa sababu linaharibu semina. Wafuasi ni wa mwenye mtandao. Wewe ni mpangaji, na mwenye nyumba anaweza kuhamisha mlango bila kukuuliza. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara. Waliokuwa wametumia miaka kukusanya watu wakaambiwa, kwa vitendo, walipie kuwafikia. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Uganda walipata zaidi ya hapo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 za nchi hiyo kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, ikaifunga Facebook kabisa, ikabaki imefungwa kwa miaka. Mfanyabiashara wa Kampala aliyekuwa amejenga ukurasa wake tangu ujana aliamka akiwa na umati asioweza kuufikia bila kupitia VPN. Aliyekuwa ameandika namba za wateja wake alipiga simu. Wazee wa biashara walisema zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza wateja kwenye hiyo mali.

Ndiyo maana naiheshimu namba iliyohifadhiwa kuliko mfuasi. Ipo kanuni ndani ya WhatsApp ambayo wauzaji wengi wanailalamikia: ukituma ujumbe kwa orodha ya watu, unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Orodha moja inabeba watu 256. Ukilinganisha na laki moja ya Instagram inaonekana kama kichekesho, lakini fikiria mtu anahifadhi namba ya nani. Anahifadhi ya fundi umeme aliyekuja siku aliyosema atakuja. Anahifadhi ya mama anayempikia keki, kwa jina kabisa, "Mama Keki Tabata". Kile kitendo cha kubonyeza "hifadhi" kinafanyika baada ya mzigo kufika na kukutwa ni ule ule wa kwenye picha. Huwezi kukinunua wala kumlipa staa akufanyie. Watu 200 wa namna hiyo, kila mmoja akinunua mara moja kwa miezi miwili, ni wanunuzi mia kwa mwezi. Maduka mengi yenye fremu, mlinzi na kodi ya miezi sita yangeishukuru hesabu hiyo.

Nakubali kwamba ipo biashara ambayo lazima ionekane kwanza. Msanii mpya, mgahawa uliofunguliwa jana, mtu anayeuza kitu ambacho watu hawajui kama kipo duniani. Hao wapige kelele, na TikTok imewasaidia wengi ambao redio na televisheni zisingewafungulia mlango. Nakubali pia kwamba picha yenye mwanga inauza kuliko picha ya gizani. Ninachokataa ni kumchukua mjane aliyepata mkopo wa kikundi wa shilingi milioni moja, anayeuza vitenge ambavyo kila mtu anavijua, ukamwambia atumie nusu yake kutafuta macho. Macho anayo. Atumie hiyo nusu kuwa na mzigo wake mwenyewe anaoweza kuupiga video, mfuko mzuri, na fedha ya kumrudishia mteja asiyeridhika. Aweke bei. Aweke jina lake kamili, lile litakalojitokeza kwenye simu wakati wa kulipa. Aseme anakaa wapi. Aliyelalamika hadharani amjibu hadharani, asifute. Wanaofundisha watu wetu wangeyafundisha haya kwa bidii ileile wanayofundishia kupiga picha, nisingekuwa na la kuandika.

Shangazi yangu wa Ukonga anauza dagaa wa Kigoma. Hana Instagram, na nilipomwambia habari za wafuasi alidhani naongelea mambo ya kanisani. Ana stetasi ya WhatsApp tu. Kila mzigo ukiingia anapiga video moja fupi: mkono unachota dagaa, unawamwaga kwenye mizani, mshale unasimama, naye anataja bei ya kilo kwa sauti yake nzito ya Kimanyema. Basi. Mwaka jana ulifika mzigo uliokaushiwa chini, mchangani, naye aligundua baada ya kuwa ameshauza karibu nusu. Wanawe walimshauri akae kimya, auze uliobaki kwa bei ya chini kwa mama ntilie. Usiku ule aliweka stetasi ya maandishi, bila picha: "Dagaa wa wiki hii wana mchanga. Aliyechukua anipigie nimrudishie hela yake." Nilikuwa pale sebuleni kwake asubuhi yake, simu ikiwa mezani karibu na kikombe cha chai. Waliotaka hela walikuwa wawili. Wengine waliopiga, na walipiga hadi chai ikapoa, walikuwa wanauliza mzigo mpya unaingia lini.